Kabla au Baada ya Alhamisi Magharibi

Jumatano, 3 Machi 2004

Nshafua, nshapika. Pweza wa nazi, maana Khamis hawezi kumpita pweza. Nimejifukiza udi, nimevaa kikuba cha asmini, nimekaa karibu na mlango. Kila siku nafanya hivi tangu anipe talaka moja. Ni talaka rejea. Akisema tu "nimekurejea" kabla ya eda kwisha, nimekuwa mkewe tena. Sheria inaniruhusu nijipambe kwa ajili yake. Sioni haya kuyaandika.

Kisa ni kuku. Aliwafuga roshanini, hapahapa Michenzani, ghorofa ya nne. Nikamwambia ama wao ama mimi. Akabeba kuku wake, akahamia shamba Tunguu, mie kaniachia nyumba nikalie eda. Hedhi ilishakatika, kwa hiyo eda yangu ni miezi mitatu. Inakwisha kesho magharibi.

Alhamisi, 4 Machi

Hakuja. Adhana ya magharibi imenikuta nimeshika sahani yake. Basi. Mie si mke wa mtu tena. Nimeswali, nimelia, nimemla pweza kapoa.

Jumapili, 7 Machi

Inna lillahi. Khamis amekutwa kitandani kwake huko shamba, keshafariki. Jirani alisikia harufu. Hakuna aliyemwona tangu mwanzo wa wiki.

Haji, mdogo wake, alinichukua mpaka hospitali. Njia nzima ananiita Bi Salama. Miaka yote nilikuwa "shemeji".

Nilimuuliza daktari jambo moja tu. Alikufa kabla ya Alhamisi magharibi, au baada? Ikiwa kabla, mie mjane wake. Nitakaa eda miezi minne na siku kumi, na nitamrithi. Ikiwa baada, mie mtu baki, na mtu baki haruhusiwi kumkalia msiba zaidi ya siku tatu. Kukaa dhambi, kutokaa dhambi, na sijui ipi yangu.

Daktari Rukia, bado kijana, karudi kutoka masomoni juzijuzi. Akasema maiti kakaa mno kwenye joto, kwa macho hawezi kuzitenganisha siku. Lakini iko mashine Dar es Salaam. Inaipiga nyama kwa mwanga usioonekana, ndugu yake joto, ikasoma jinsi protini na mafuta yalivyobadilika tangu roho itoke. Bado wanaijaribu, hakuahidi kitu. Alitaka kipande cha msuli, kidogo kama punje ya mchele, na ruhusa ya familia.

Haji kakataa. "Maiti hakatwi. Tumkoshe, tumzike."

Nikasema mie naruhusu.

"Wewe nani kwake, Bi Salama?"

Daktari akamjibu taratibu, "Mzee Haji, hilo ndilo tunalotaka kulipima."

Mwisho Haji akasema kikatwe, lakini kirudi. Chote kizikwe na mwenyewe. Daktari akaahidi. Alasiri tukamzika.

Jumatatu, 15 Machi

Sijui nivae nini. Kikuba nimeacha, wanja nimeacha. Kisha naogopa, isije ikawa najifanya mjane bila haki.

Bi Mwana wa mlango wa pili kaniambia niseme tu alinirejea kwa simu. "Nani atakubishia, shoga yangu? Yeye hasemi." Nikamjibu Mungu yupo. Lakini nimelifikiria neno hilo mpaka chai imepoa.

Nna hasira na Khamis pia. Neno moja tu. Lingemuuma wapi?

Jumatano, 24 Machi

Majibu. Daktari kaja mwenyewe nyumbani. Mashine imesema kati ya Jumanne na Ijumaa, haiwezi kubana zaidi. Paa la mabati lilimpika marehemu, hesabu zikavurugika. Aliona ninavyomtazama, na bado hakunidanganya. Mungu amlipe. Alhamisi yangu imo humo humo.

Tukaenda kwa kadhi, mie na Haji. Kadhi kasema mirathi haigawiwi kwa shaka. Eda, penye shaka, mtu hujihadhari. Kwa hiyo sirithi, lakini nakaa. Haji alidhani nitabisha, maana nyumba sasa ni yake, na eda ikisha anaweza kunitoa. Nilisema alhamdulillahi. Nilichotaka ni kumlilia kwa haki.

Siku nazihesabu kutoka mwisho wa shaka, Ijumaa ile, nisije nikampunja.

Ijumaa, 26 Machi

Daktari kakirudisha kipande, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mie sitoki. Haji kaenda peke yake baada ya swala, kafukua kidogo kichwani mwa kaburi, kakifukia.

Kisha kaja mpaka mlangoni, vidole vina udongo. Hakuingia. Akasema kimefika. Akasimama, anatazama kandambili zake.

"Shemeji, na kuku wa marehemu niwapeleke wapi?"

Nikamwambia roshanini.

Kawaleta kwenye tenga kabla ya alasiri. Jogoo anawika ovyo, hajui saa. Nimemwacha.