Tamthilia ya Kijapani Tuliyoitazama Bila Rangi

Baba,

Neno hili hukulisikia kwangu hata siku moja. Nilikuita Anko tangu siku uliyonipokea uwanja wa ndege mpaka tulipokuzika, na hukulalamika. Leo nimeamua kulitumia. Kama nimechelewa, unisamehe; hukuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoletwa Landani kutoka Tanga, kuja kuishi na mama na mume wake mpya, yaani wewe, dereva wa basi, mtu wa Mombasa. Jumamosi mama alikuwa na shifti kwenye nyumba ya wazee, nasi wawili tukabaki kwenye fleti ya Thamesmead hatuna la kuambiana. Ulinipa chai, nikasema sitaki. Ukaniuliza habari za shule, nikasema nzuri. Mazungumzo yakaishia hapo, na bado ilikuwa saa nne asubuhi.

Aliyetuokoa ni Bi Michiko, yule mama wa Kijapani wa ghorofa ya juu. Lifti ilipoharibika ulikuwa ukimpandishia mizigo yake ya sokoni, naye kwa shukrani akakupa kanda za tamthilia alizotumiwa na dada yake kutoka kwao. Sijui alidhani tutaelewa nini. Tena kanda za kwao hazikupatana na deki yetu, picha ikatoka nyeusi na nyeupe, nasi kwa ujuaji wetu tukakata shauri kwamba ule ni mchezo wa kale, wa enzi za babu zetu. Ulinieleza hata jinsi watu walivyoishi zamani hizo, na mimi nikaamini yote.

Bi Michiko alitudokezea jambo moja tu: seremala amefiwa na mke, anamlea binti ambaye mke alikuja naye. Mengine ulitunga wewe. Seremala ulimpa Kimombasa, na kila alipofungua mdomo alimwambia yule msichana ale kwanza, maneno baadaye. Jirani aliyeleta bakuli la supu ukasema amekuja kujiposa, na supu yenyewe haina chumvi. Nilicheka mpaka nikamwaga chai, ile ile niliyosema siitaki.

Lakini kwenye uigizaji hukufanya mzaha. Ulisema waigizaji wa hapa wakigombana wanapiga kelele mno, mtu huwezi kuwasadiki, ilhali yule seremala akikunja taulo tu unajua amechoka. Ulisema kutwa nzima unawatazama abiria kwenye kioo, na mwenye msiba huwa hajitangazi. Hukaa kimya, ameshika tiketi kwa mikono miwili. Ulinifundisha kutazama mabega, vidole, namna mtu anavyoweka kikombe mezani. Mpaka leo nikitazama mchezo wowote naanzia hapo, na wenzangu wananiona mkosoaji wa kupindukia.

Tuligombana mara moja tu. Ni pale binti anapoondoka kwenda kusoma mjini. Amesimama mlangoni na begi, na seremala amempa mgongo, anapiga randa ubao wake, hageuki. Mimi nikasema basi, hampendi, angekuwa mwanawe wa kumzaa angegeuka. Ukarudisha kanda nyuma.

"Huyo yualia, Rukia. Mtizame shingo."

Nikakujibu kwa Kiingereza, ili kukukata maneno, kwamba sioni chozi hata moja. Ukarudisha kanda tena, kisha ukaenda kuosha vyombo.

Miaka saba baadaye zamu ikawa yangu. Nimepata chuo Leeds, mabegi yangu yapo mlangoni, mama amenikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kimemvuka. Wewe ulikuwa jikoni na spana, unatengeneza bomba. Ukasema, "Haya, safari njema," na hukugeuka. Nikafunga mlango kwa kishindo. Tangu siku hiyo nikipiga simu namtaka mama, na ukipokea wewe nasema, "Mpe mama tafadhali," kama naongea na karani wa ofisini. Hivyo kwa miaka minne, hadi moyo wako uliposimama.

Mwaka jana Bi Michiko alimpa mama diski za tamthilia ile ile, safari hii zina rangi na maandishi ya Kiingereza chini. Niliitazama yote kwa siku mbili. Baba, hukupatia hata robo! Mchezo si wa kale kabisa, ni wa siku zile zile. Binti ana begi jekundu na simu ya kijani. Yule jirani wa supu ni dada yake seremala. Nilicheka peke yangu, nikatamani uwepo nikuzomee.

Kisha ikaja ile ya mlangoni. Seremala akageukia ubao wake, na masikio yake yalikuwa mekundu, na shingo nyekundu mpaka kwenye ukosi wa shati. Wewe uliyaona hayo kwenye picha isiyo na rangi. Nikazima, nikampigia mama, nikamuuliza kuhusu asubuhi ile ya bomba.

"Bomba lile halikuwa na ubovu wowote," mama akasema. "Ulipofunga mlango aliacha spana, akatoka mbio na ndala. Nilimwona dirishani. Basi lilikuwa limeshaondoka, akabaki amesimama kituoni. Akanikataza nisikwambie, eti utadhani anakulazimisha kumpenda."

Dereva wa basi, umekosa basi. Nililia nikicheka.

Nilikukosea, na ninakwambia wazi. Ulinisomea nyuso za watu wa mbali kila Jumamosi, nami nikashindwa kuusoma mgongo wa mtu aliyekuwa hatua sita kutoka kwangu. Hata hivyo moyo wangu umejaa shukrani kuliko majuto. Nakushukuru kwa chai, kwa uongo wako wote mtamu, kwa kumpandishia Bi Michiko mizigo. Nakushukuru kwa kunipenda bila kunidai nikuite chochote.

Siku ile ya kwenda Leeds nilikaa kiti cha mbele, ghorofa ya juu ya basi, na sikutazama nyuma hata mara moja. Ningetazama ningekuona kituoni, na ndala zako, ukitweta. Ningebonyeza kengele, Baba. Wallahi ningeshuka.

Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Rukia