Suruali za Kaka Yako

Wifi yangu,

Huku sote wazima, au ndivyo tunavyosema. Cherehani yangu imetengenezwa. Kaka yako bado anafuata ule ulaji uliomfundisha: mkate hagusi, wali hagusi. Kila suruali yake nimeipunguza kiuno, na mtaani hawamwiti tena Bonge.

Ila pengo la wali kaliziba kwa siagi na nyama ya mafuta. Daktari kampima damu, kolesteroli iko juu mno. Hakumwambia arudie wanga. Kamwambia abadilishe mafuta, ale samaki, parachichi na mboga, na ameze dawa. Dawa hajafungua.

"Kolesteroli ni ya wanene," ananicheka. "Wewe unanionea wivu tu."

Jana nikaondoa siagi mezani. Akanuna, akatoka bila kuaga.

Wewe anakusikiliza, na kila ukimpigia unamsifu alivyopungua. Wifi, basi. Muulize dawa.

Leo kajaribu suruali ya marehemu baba yenu, ile iliyobaki kabatini. Imemkaa sawasawa, sikuipunguza popote. Akajigeuza kwenye kioo, anatabasamu. Amesahau kwamba baba alianguka kwa ugonjwa wa moyo akiwa mwembamba hivyo hivyo.

Mpigie kabla hujaikunja barua hii.

Wifi yako