Gari ya Mama Haitapanda Meli

Barking, London
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mpendwa kaka Harith,

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote hapo Wete? Wifi Najla kile kikohozi kimemwacha? Na magoti ya Mama vipi, bado yanamsumbua akiinuka kwenye mswala? Huku sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi inatung'ata. Zahra wangu kazidi kurefuka, sasa ananitazama kwa juu. Kiswahili anakielewa chote, lakini akijibu ni Kizungu tu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwa simu nimeshajaribu, kaka. Kila nikiisikia sauti yako nageuza maneno, nauliza habari za karafuu. Sina uso.

Gari haiji. Nimeshafuta nafasi yake kwenye kontena, na kosa ni langu, si la meli wala la mtu mwingine.

Huku baridi ikikaza humwagwa chumvi barabarani, barafu iyeyuke watu wasiteleze. Chumvi ile inarukia chini ya gari, inaganda huko na kula chuma kimyakimya. Yale malori ya chumvi nikiyaona kila asubuhi nikienda kuwahudumia wazee wangu wa kazini, wala sikushtuka. Mtoto wa Pemba mzima, niliyekua naona mabati ya pwani yanaliwa mpaka yanakuwa chujio, nikajiambia Barking hakuna bahari, kutu ya chumvi itoke wapi! Kila Ijumaa naiosha gari juu, vioo naving'arisha, ndani nafukiza udi. Chini sikupeleka hata kopo la maji.

Uliponiambia Mama hawezi tena kupanda bodaboda kwenda kliniki ya presha, nami nikaahidi kumletea gari hii, ndipo nikachungulia chini. Nikaona wekundu. Norbert, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliniambia kutu ikwanguliwe kwanza, paoshwe kwa mpira wa maji ya nguvu, pakauke kabisa, ndipo pakapakwe dawa ya kuzuia kutu. Nani amsikilize! Haraka zangu unazijua. Nikanunua makopo ya ile rangi nyeusi nzito ya kupulizia, nikatandika maboksi, nikalala chali na kupuliza juu ya chumvi na unyevu vilevile. Pakawa peusi, panang'aa, nami nikajiona fundi. Ndiyo ile picha niliyokutumia, ukawaonesha watu, hadi Mama akaanza kuwaahidi majirani lifti. Kumbe nilichofanya ni kuifungia chumvi ndani, ikaendelea kula raha mustarehe.

Jumatano niliipeleka gereji kwa Chaman ikaguliwe kabla ya safari. Akaipandisha juu, akawa anagongagonga chini kwa bisibisi. Mbele palikuwa pazima. Alipofika chini ya kiti cha abiria, bisibisi ikazama mpaka mpini. Alipoichomoa likadondoka pande zima, likamvunjikia mkononi.

Natamani nikwambie hapo nilikubali yaishe. Wallahi sikukubali. Nilimwuliza Chaman kama hawezi kuziba kwa kibati chembamba na kupaka nyeusi juu yake, maana huko ikifika hakuna atakayelala chini kuchungulia. Akaniuliza taratibu nani atakaa kiti hicho. Nikamjibu, "Mama yangu." Nilijisikia nikilisema, kaka. Chaman akaenda zake kunawa mikono. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nilikuwa tayari kumkalisha Mama juu ya rangi tupu, mradi nisionekane nimeshindwa. Nikikumbuka hilo chakula hakipiti. Usinifariji, tafadhali.

Gari nyingine naitafuta, na safari hii itatazamwa chini kabla ya juu, lakini sitaji mwezi wala siku, nimeshasema sana. Kwa sasa mkodishie Mama gari siku za kliniki, malipo niachie mie.

Nisalimie sana Shangazi Tatu na Ami Abdulwakil, na watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde na nyumba yako, akulipe kwa unavyomtunza Mama wakati mimi niko mbali, nina maneno tu.

Bado jambo moja. Usimwambie Mama wewe. Ukishaisoma barua hii nipigie, mkalishe karibu yako, mpe simu, nimwambie kwa mdomo wangu. Najua atakavyosema. Atacheka, aseme, "Si kitu mwanangu, miguu yangu bado ipo." Na mimi na wewe tunajua haipo. Akicheka, kaka, usicheke naye.

Mdogo wako akupendaye, ijapokuwa leo anakuonea haya,
Mwanabaraka