Saa ya Kamera Yako, Senje

Senje,

Kabla hujaniuliza, shangazi yangu, kwa ile sauti yako: ndiyo, nimenunua kamera nyingine. Tulia kwanza. Yako haijauzwa wala haijaazimwa mtu. Iko hapa mezani mbele yangu, na ule mkanda ulioushona kwa uzi wa gunia bado umeshika. Hiyo nyingine iko kando yake, nyeusi tititi, inanukia upya. Nimeziketisha pamoja kama wake wenza siku ya kwanza, nione nani ataanza kununa.

Mpya nimeiita Mgeni. Yako, kwa hivyo, imekuwa Mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo ulivyokuwa ukisema kila mtu alipobisha mlango ukiwa umechoka kumenya viazi, na kabla hajaketi umeshampa kisu.

Najua unataka ripoti, maana hukuwahi kuamini kitu kipya mpaka ukikwaruze kwa ukucha. Basi nitasema ukweli bila kumpendelea yeyote.

Mgeni ni mwepesi mpaka siku ya kwanza nilifungua begi nikidhani nimemsahau nyumbani. Ana megapikseli ishirini na nne, Mwenyeji ana kumi. Anapiga video. Anatuma picha kwenye simu bila waya, mtu akiwa bado hajafunga mdomo. Na kwenye giza anaona kama paka. Kanisani, pale Mwenyeji alipokuwa akinipa picha zenye chengachenga kama zimenyunyiziwa unga, huyu anatoa sura safi bila hata kuwasha flashi. Hapo, Senje, umeshindwa. Kubali tu.

Lakini nje, juani, Mwenyeji hajapata mpinzani. Sijui watu wa zamani walimtia nini ndani. Ngozi zetu anazipiga na rangi yake, ule weusi wenye joto, wakati Mgeni anatufanya wote tuonekane tumetoka kuoga maji baridi. Na kwa chakula hana gharama: ukimchaji Jumatano, Jumapili bado ana nguvu. Mgeni, kwa kushinda akiongea na simu, saa nane mchana amezimia. Ila Mwenyeji bado ana kiburi chake, hakubali kadi kubwa ya kuhifadhia picha. Ukimpa, anakuandikia kosa na kunyamaza. Kile kikadi chako kidogo nakitunza kama cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna sauti. Mwenyeji akipiga, kla! mpaka mbuzi wanageuka. Mgeni anapiga kimya kimya, na wazee hawamwamini. Shosho mmoja wa Subukia alinitabasamia muda mrefu sana, meno yote nje, mwishowe akaniambia, "Si upige basi, mashavu inaniuma." Nilikuwa nimeshampiga mara tisa.

Sheria zako bado nazifuata. Nachungulia kwenye kidirisha kile kidogo, sikodolei kioo. Na sigeuzi kamera kila baada ya picha kutazama imekuwaje. "Hii si mandazi uigeuze uone kama imeiva," ulikuwa ukiniambia, na kunipiga kofi la mgongo juu yake. Mgeni ana kioo kikubwa kinachogeuka huku na huku, anasa tupu, lakini mgongo wangu bado unakumbuka.

Sasa nikwambie kwa nini nilizibeba zote mbili siku moja.

Nafula ameolewa! Binti yako, kitinda mimba wako, yule uliyesema ataolewa na kitabu. Ameolewa na Ndirangu, watu wao ni wakulima wa Subukia, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ungempenda. Anakula ugali bila kulazimishwa.

Lakini kuna jambo hulijui, kwa sababu lilianza baada yako. Baada ya mazishi, Nafula aliwasha kamera yako atazame picha uliyopiga mwisho. Ilikuwa ya kikombe cha chai juu ya kistuli kando ya kitanda chako, na vipande viwili vya nduma kwenye kisahani. Nyuma yake, giza totoro. Chini kamera ilikuwa imeandika tarehe ile ile uliyotuacha, na saa: 04:52.

Alfajiri, Senje. Nawe ulituaga mchana wa siku hiyo. Nafula alikuwa akilala chumba cha pili, mlango wazi, kusudi akusikie ukikohoa. Aliniambia mara moja tu, tukiosha vyombo vya matanga: "Mama aliamka saa kumi na moja kasoro, akajipashia chai na hiyo miguu yake ilikuwa imefura, akakaa kwa giza peke yake. Na mimi nimelala tu." Nilisugua sufuria moja mpaka ikang'aa.

Tangu siku hiyo hakuigusa kamera, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kabla majogoo hawajawika yuko macho, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anasikiliza nyumba isiyo na mtu wa kusikilizwa. Nilijaribu maombi, nikajaribu mzaha, nikajaribu kumnunia. Hakuna kilichosaidia. Kwa hivyo aliponiambia, "Nekesa, siku ya harusi beba kamera ya Mama, nataka awepo. Lakini usiniwashie ile picha," nilisema sawa, nikaenda chooni kulia.

Basi siku yenyewe nikaenda nimejifunga kamera mbili kama askari wa doria. Ndani ya nyumba na kanisani nilimtumia Mgeni. Nje nilimtumia Mwenyeji. Alianza kazi walipotoka kanisani, maua yanarushwa, shangazi zetu wa Kaptembwo wamepiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu. Keki ilikatiwa nje pia, kwenye nyasi za kina Ndirangu, jua limewaka, mahindi yamesimama nyuma kama wageni waliochelewa viti. Kla! Kla! Nafula alisikia ule mlio katikati ya kelele zote, akageuka upande wangu akacheka na keki mdomoni. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Ni ya Mwenyeji. Mgeni alikuwa amezimia begini.

Jumatano iliyofuata tukakusanyika nyumbani kwako Section 58, maharusi, shangazi wawili, na mjomba wake Ndirangu aliyekuja rasmi kwa niaba ya ukoo. Nilikuwa nimemwaga picha za kamera zote mbili kwenye kompyuta, nikaiambia izipange kwa saa, nikazitia kwenye flashi diski bila kukagua. Najua. Ungekuwepo ningekula kofi. Nikachomeka kwenye televisheni, nikakaa nyuma nikisubiri sifa.

Picha ya kwanza: maharusi wanatoka kanisani, maua kichwani. Picha zilizofuata: Nafula yuko hapa hapa Section 58, amevaa leso, anasukwa. Kisha keki. Kisha, wameshashiba, ndio wanaingia kanisani kula kiapo.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Kwani nyinyi mlikula keki kwanza ndio mkaoana? Na bibi harusi alitoka kanisa akarudi kwao kusukwa?"

Wacha watu wacheke! Shangazi mmoja aliteleza kwenye kiti. Ndirangu akasema hata yeye siku hiyo alijihisi hajui kinachoanza wala kinachoisha. Mimi nilikuwa nimeiva kwa aibu. Nikamchukua Mwenyeji, nikamwasha nikague saa yake. Alikuwa ameandika 09:20.

Nikauliza tu, bila kuinua macho, "Saa ngapi sahi?"

Nafula akatazama saa ya ukutani, bado anapangusa machozi ya kicheko. "Saa tisa na dakika ishirini."

Senje, niliitazama ile 09:20, kisha saa ya ukutani. Halafu nikakuona. Nilikuona pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, siku ulipoinunua kwa mtumba, miwani imeshuka puani, unabonyeza bonyeza na kuikaripia. Ukaniuliza saa ngapi. Nikakujibu saa nne. Nawe ukaweka nne, badala ya kumi! Kamera ya watu wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane, wewe ukaianzishia alfajiri kama mtu mwenye akili zake. Miaka yote hiyo imekuwa ikienda kwa saa ya Kiswahili, nasi hatukujua, kwa sababu ulichokuwa ukiangalia ni tarehe tu. Na mimi ndiye niliyekutajia saa.

Nilipowaeleza, kicheko kikaanza upya. Wote isipokuwa Nafula. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na rimoti mkononi.

"Washa ile picha," akasema.

Nikaiwasha. 04:52. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto anayefundishwa. "Saa nne. Na dakika hamsini na mbili." Kisha akapiga kelele iliyowatoa majirani nje: "Saa nne ndio nilikuwa nampelekea chai! Hiyo chai ni yangu! Hiyo nduma nilichemsha mimi, asubuhi hiyo! Nilimwekea hapo kwa stuli, akaniambia asante mama, nikaenda kuanika nguo!"

Mjomba hakuelewa kitu, lakini alipiga makofi.

Unamjua binti yako, ni mtu wa ushahidi. Jioni aliniita pembeni. "Lakini mbona kuna giza? Saa nne kuna jua." Nikamwambia alale hapo, kesho tutaiuliza kamera yenyewe.

Kesho yake saa nne tuliingia chumbani kwako. Tulifunga yale mapazia mazito ya kahawia, kama ulivyokuwa ukitaka siku zile mwanga ulipokuwa ukikuumiza macho. Nafula akaleta chai kwenye kikombe kile kile, na nduma. Nikampa Mwenyeji kazi. Flashi ikaruka yenyewe, kla! Picha ikatoka: kikombe kinang'aa, na nyuma yake giza totoro, kama usiku wa manane. Ndivyo flashi yake ilivyo, inameza kila kitu kilicho nyuma. Halafu nikamchukua Mgeni, nikamzimia flashi, nikapiga pale pale niliposimama. Chai ikatoka na mvuke wake. Ukuta ukaonekana. Na kando ya pazia, uzi wa jua, mwembamba, wa dhahabu, kutoka juu mpaka sakafuni.

Nilimwonyesha zote mbili pamoja. Ndiyo, niligeuza mandazi. Nisamehe.

Nafula alitazama ule uzi wa jua, akakaa kwenye kitanda chako, akalia kile kilio kinachomtua mtu mzigo kichwani. Mimi nami nikalia, sikuwa na sababu ya kujizuia. Halafu akaichukua chai akainywa yote, na nduma hakunibakishia. Akasema, "Mama hakuwa anapoteza picha." Kweli. Kikadi kidogo vile, ulikuwa ukituambia tusipige kitu tusichokipenda. Na picha yako ya mwisho ukaipiga chai ya binti yako, jua likiwa nje, yeye akianika nguo zako na kuimba vibaya kama kawaida yake. Hukuwa gizani. Hukuwa peke yako. Sikujua kuna habari njema inayoweza kumfikia mtu ikiwa imechelewa hivyo na bado ikafika ikiwa moto.

Juzi Ndirangu amenipigia simu, ana wasiwasi. "Shem, huyu dada yako analala mpaka ng'ombe wanakamuliwa wanamaliza. Na anakoroma. Ni mgonjwa?" Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia shemeji amfunike vizuri amwache.

Albamu ya harusi iko tayari. Niliipanga sawasawa, Nafula akaikataa. Anataka ile ya televisheni, keki kwanza, kiapo baadaye. Mjomba ameagiza nakala yake.

Mimi nafika mwisho wa karatasi, na Mgeni ana kazi ya ubatizo. Siku zake mbili za ugeni zimekwisha, nimempa jembe. Pumzika, Senje wangu, na usiwape watu huko viazi wamenye. Ninakuahidi jambo moja tu, maana moja nitaliweza: saa ya kamera yako sitairekebisha, wala sitamruhusu fundi yeyote airekebishe. Badala yake nimeirekebisha ya Mgeni, niliirudisha nyuma kwa muda wa saa sita leo asubuhi. Sasa wote wawili wanakwenda na wewe.

Nimeandika haya kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, jua limewaka. Ni saa nne na nusu. Nafula amekuja kututembelea, na nasikia vikombe vikigongana jikoni.

Ni mimi, Nekesa wako.