Kigeugeu cha Anaeli Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumapili ya mavuno, jioni. Nyumbani Meru.

Mlima umejifunika tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Matope mpaka mlangoni. Nimekaa kwenye kochi la mama, miguu nimeikunja, simu inakula chaji kwenye soketi pekee inayofanya kazi humu ndani, na nina hasira. Naandika hivyo waziwazi ili wiki ijayo nisije nikasoma hapa nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka tu. Sijachoka. Nimekasirika.

Nimemkasirikia mtu anayeitwa Deo. Nimewakasirikia waliofufua vigeugeu. Na nimemkasirikia mama yangu mzazi, ambaye sasa hivi yuko jikoni anamenya ndizi na kuimba pambio, utadhani leo hakuna kilichotokea.

Nianze na vigeugeu, kwa mliozaliwa juzi.

Tulipokuwa wadogo kulikuwa na toi za magari yanayogeuka. Unavuta mlango, unakunja boneti, unazungusha magurudumu ya nyuma, na gari linasimama linakuwa jitu lenye mikono. Ndani ya kila gari kulikuwa na dereva wake, mtu mdogo wa plastiki mwenye helmeti, unamtoa na kumrudisha. Kwenye boksi palikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyeliweza, kwa hiyo sisi tuliviita vigeugeu na mambo yakaisha. Baba, ambaye alikuwa akiendesha lori la kahawa, alituletea kimoja kutoka duka la Wahindi mjini. Kilikuwa brekidauni nyekundu yenye ndoano nyuma ya kuvutia magari mabovu. Kaka yangu Anaeli ndiye mkubwa, kwa hiyo kilikuwa cha Anaeli. Mimi niliruhusiwa kushika, tena nikiwa nimenawa mikono.

Baadaye vikapotea madukani. Waliovitengeneza waliacha, sisi tukakua, maisha yakaendelea na hakuna aliyelia.

Sasa wamevirudisha.

Mjini Arusha huwezi kupumua kwa ajili ya hivi vidude. Kuna duka vimepangwa nyuma ya kioo, vina taa zake, na mtoto haruhusiwi kugusa kwa sababu boksi limeandikwa ni toleo la watu wazima. Toi ya watu wazima! Wanaume wenye vitambi na mikopo ya nyumba wanapanga foleni, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wanaviweka juu ya televisheni bila hata kufungua, eti ukifungua thamani inashuka. Redioni tangazo linapigwa asubuhi na mchana pale Kwa Mrombo ninaposhonea sare za shule: "Utoto wako umerudi!" Kila likianza nazima redio, na wateja wameshazoea kuniona nikifanya hivyo.

Utoto wangu haujarudi. Anaeli alifariki mwaka juzi kwa figo, na sijaona boksi lililoandikwa jina lake.

Brekidauni yake ilibaki kwenye kabati la vyombo la mama, kati ya birika la wageni na picha ya Kipaimara. Yule dereva wa plastiki hakuwepo. Tulimpoteza utotoni, alitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia siku ya zamu yetu ya maji, akaenda zake kwenye mashamba ya watu wa chini. Mimi nililia mpaka nikatapika. Anaeli hakulia. Alikata kijiti cha mti wa kahawa, akakaa nyuma ya zizi na wembe wa baba, akachonga dereva mwingine. Macho aliyatoboa kwa msumari wa moto, moja likatoka kubwa kuliko jingine, kwa hiyo dereva wetu alionekana ameshtuka wakati wote. Alienea kwenye kiti sawasawa. Mpaka leo sijui alipimaje.

Huyo ndiye ninayemtaka. Gari lenyewe wangeweza kulichukua na kulikaanga.

Sasa Deo. Deo tulisoma naye shule ya msingi hapa hapa, na kwa sasa anauza vigeugeu mtandaoni. Hivyo vipya vinamlipa, lakini vile vya zamani ndivyo vinavyomkosesha usingizi, maana wenye pesa zao wanavigombania. Kwa hiyo anapanda vijijini akiwa na gari safi na adabu nyingi. Anaingia kwa kina mama wazee, anapiga shikamoo ya kuinama, anakunywa chai, anasifia vitambaa vya kwenye makochi, kisha macho yanatua kwenye kabati. Anajua kabisa anachokifanya. Mama mzee hawezi kumnyima kijana aliyemaliza chai yake yote.

Kwa mama alifika majuzi. Mama alinipigia simu kunisimulia. Alimwambia hivi: cha marehemu hakiuzwi. Nilifurahi nikawatangazia mafundi wenzangu pale dukani kwamba mama yangu si wa kuchezea.

Leo nimepanda kutoka Olasiti ninakoishi, asubuhi, nikaenda moja kwa moja kanisani, nimechelewa kidogo. Nikakaa nyuma. Mbele ya madhabahu wameshapanga mavuno: mikungu ya ndizi, mahindi, kuku waliofungwa miguu, maboga, trei za mayai, ndama mmoja nje anayejibu mahubiri. Na katikati ya boga na trei ya mayai, brekidauni nyekundu.

Nilidhani macho yananidanganya. Ndoano ile ile, na mkwaruzo ule ule ubavuni.

Mama amekipeleka sadaka. Kwa akili yake, cha marehemu hakiuzwi, lakini kumtolea Mungu si kuuza. Hakuniambia. Alikuwa ameketi safu ya kina mama, kitambaa cheupe kichwani, mgongo wima. Na safu ya wageni, huku akitabasamu kila mtu anapogeuka, alikuwa Deo. Wakati wa kutambulisha wageni alisimama akasema amekuja kumshukuru Mungu kwa usharika uliomlea. Usharika uliomlea! Hajakanyaga pale tangu Kipaimara. Alisikia toi iko mnadani, basi.

Sijui mahubiri yalihusu nini.

Kwa asiyejua kwetu, ibada ya mavuno ikiisha vitu vyote vinanadiwa nje, na leo ilikuwa chini ya turubai kwa sababu ya manyunyu. Anayenadi ni mzee wa kanisa, Mzee Elisante, mtu ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. Na mnada wetu una mambo yake. Kwanza, watu wakigundua kwamba unakitaka kitu kweli, watakupandishia, kwa upendo kabisa, kwa sababu pesa inakwenda kwa Mungu na kukuona unatoka jasho ni burudani. Pili, ukishinda hubebi kwenda kwako. Unatamka mbele ya watu unampa nani: mchungaji, mjane, wanakwaya, mgeni. Anayenunua akajibebea mwenyewe atasemwa mpaka Krismasi.

Haya yote nayajua tangu nanyonya. Kukaa mjini kumenifanya mjinga.

Kosa la kwanza, nilisogea mbele kabla kigeugeu hakijanyanyuliwa. Kila mtu akaona. Deo alipotaja bei yake nikataja yangu juu yake kwa sauti ya mtu anayegombana, na hapo wakaanza. Shangazi yangu mwenyewe alipandisha huku akicheka na kunikonyeza, hajui hata ile ni nini. Kwaya wakachanga wakapandisha. Aliyeleta ndama akapandisha. Nilitamani kuwapiga wote. Niliendelea mpaka nikafika mahali ambapo nilijua cherehani mpya niliyokuwa naiwinda itasubiri mwaka mwingine. Deo akaacha kupandisha. Akainua mikono juu, akacheka, muungwana kabisa.

"Nuru wetu wa mjini!" Mzee Elisante akapaza sauti. "Haya binti, unampa nani?"

Nampa mama. Maneno mawili. Hata mtoto wa shule ya Jumapili angejua kuyasema, na mama angekipokea, na kingerudi kabatini leo hii.

Sikuweza kuyasema. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya kwaya nzima, kwa hiyo niliubana na kutazama chini. Watu wanasubiri. Mzee Elisante akauliza tena. Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka nyuma yangu, tulivu, ile ya kuagiza chumvi:

"Anampa mgeni."

Vigelegele. Makofi. Kitu kikishatamkwa pale hakirudi, hata ukizimia. Deo akaja kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. "Ahsante sana dada Nuru, Bwana akuzidishie." Nami nikaitikia amina. Mdomo wangu huu huu.

Akaondoka na Anaeli mkononi.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika hapa. La mwisho ndilo baya zaidi, kwamba amechoka kuwa na mtoto aliyekufa ndiyo maana amemgawa. Alinisikiliza akiwa amesimama, mwavuli unamchuruzika. Kisha akaenda kubadilisha nguo ya kanisani, akaingia jikoni, na mpaka sasa anaimba.

Nimekaa hapa najiuliza mwanamke wa namna gani anaimba.

Ngoja. Simu.

Nimerudi. Tumeshakula, vyombo nimeosha mimi. Nimeyasoma hayo ya juu na sitafuta hata neno, ingawa mengine yananiaibisha.

Iliyoingia ilikuwa video kwenye grupu la usharika. Deo ameiweka mwenyewe, "kuwashukuru wapendwa." Ameegemea gari lake, brekidauni ya Anaeli iko juu ya boneti, na anaeleza kwa sauti ya mtangazaji kwamba hii ni ya toleo la kwanza kabisa, rangi halisi, ndoano halisi. Anavuta mlango. Anakunja boneti. Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nasubiri amwone yule mwenye jicho kubwa, nisikie atasema nini, nimchukie vizuri.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Dereva hayupo," anasema, anacheka, "lakini si tatizo, namwekea wa toleo jipya." Anatoa mfukoni kitu kinachong'aa na kukipachika. Hakikuenea. Alikisukuma kwa dole gumba mpaka kikaingia.

Niliirudia mara kadhaa. Kisha nikafikiri jambo la kawaida: amedondoka. Mnadani, kwenye matope, walipokuwa wanapokezana gari. Watu wamemkanyaga na kurudi kwao. Nikaruka kwenye kochi, nikavaa mabuti ya mama ya kukamulia, nikachukua tochi ingawa bado kulikuwa na mwanga, na njia ya kutokea inapita mlango wa jikoni.

Mama hakugeuka. "Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kanisani. Dereva wa Anaeli amedondoka."

"Hajadondoka."

Kisu kiliendelea na ndizi. Nilisimama pale na tochi inayowaka kweupe, sielewi. Halafu nikaelewa, na nadhani alijua kwamba nimeelewa, kwa sababu alisimamisha kisu.

"Nimempa Mungu gari, Nuru," alisema. "Vingine alishajichukulia mwenyewe."

Hakulia. Hata sauti haikubadilika, na ndiyo maana nywele zilinisimama. Huyu ni mwanamke wa ibada ya asubuhi na ya jioni, mwenye kiti chake kanisani, anayewafariji wafiwa wa kijiji kizima. Kila mtu akifa hapa wanamwita mama aje kusema yale maneno ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na anayasema vizuri kuliko mchungaji. Mimi mwenyewe nilimsikia akiyasema juu ya jeneza la Anaeli, nikamwonea wivu kwa imani ile.

Nilivua mabuti. Nikachukua kisu kingine nikakaa kwenye kigoda upande wa pili wa beseni, tukamenya. Utomvu ulinigandia vidoleni, na pambio hakulirudia. Ndizi zilipoisha nilimwomba msamaha kwa yale ya mchana. Akasema, "Chochea moto."

Deo bado namchukia. Wale wa redioni nawachukia zaidi kuliko asubuhi, na yule dereva wa kusukumwa kwa dole gumba sitamsahau. Hilo halijabadilika na silazimishi libadilike.

Lakini kwa mama nilikosea mahali pa kutazama. Miaka hii yote miwili nilidhani yeye na Mungu walishapatana na mimi ndiye niliyebaki na kinyongo humu ndani. Kumbe anampa kile anachoweza kumpa, mbele ya watu, kwa kitambaa cheupe na mgongo wima. Na kuna kimoja anachomficha.

Sikumuuliza yule dereva amemweka wapi. Kesho nashuka mjini, na mtu yeyote akiniuliza, hata akiwa mchungaji, nitamjibu kwamba dereva alipotea zamani kwenye mfereji.