Msalaba Wenye Mkono Mfupi

Jumapili, 1 Februari

Nimesoma matangazo tena. Miwani nimeisahau nyumbani, kwa hivyo nimemwoza mtoto mchanga na kumbatiza bwana harusi. Kanisa zima limecheka. Mzee Gitau, tunayekaa naye benchi la wazee wa kanisa, amecheka mpaka akatoa leso. Miaka kumi na moja nasoma matangazo na bado hakuna aliyejitolea kuniokoa.

Kwaresima inakaribia. Tarehe 17 ni Jumanne ya chapati, tule tushibe kabla ya kufunga. Tarehe 18 Jumatano ya Majivu. Haya ya majivu kaja nayo Mchungaji wetu, mama mpole asiyebishana na mtu na asiyeshindwa na mtu. Mwaka jana tuliazima majivu kwa jirani zetu Wakatoliki. Walitupa kwenye mkebe wa siagi. Gitau mpaka leo hajapona. "Wapresbiteri wazima, tunaomba hadi majivu!"

Mwaka huu tutachoma yetu. Kila nyumba irudishe msalaba wa majani ya mtende ambao ilipewa Jumapili ya Matawi mwaka jana. Kila mzee akusanye kwenye wilaya yake. Wilaya yangu ni nyumba kumi na mbili, zote hapa Waithaka, na ndiyo pekee iliyopewa misalaba ile. Wilaya nyingine zilipewa majani matupu, na mengi yameliwa na mbuzi.

"Kazi ndogo, Mzee," alisema Mchungaji.

Nikaitikia. Sikufikiri. Misalaba ile aliisuka Nyambura.

Mke wangu. Tulimzika Septemba.

Jumatatu, 2 Februari

Ofisini Upper Hill. Mafaili ya bima. Joto.

Saa saba mchana miguu imegeuka yenyewe kuelekea hospitali. Mwaka jana, miezi minne, nilivuka barabara kila saa saba na uji kwenye chupa ya chai, nikamlishe. Leo nimefika hadi getini ndipo nikajikuta mikono mitupu. Askari wa geti ni rika langu, bado ananikumbuka.

"Umepotea, mzee! Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri.

Sijui kwa nini. Nimerudi ofisini bila kula.

Jumamosi, 7 Februari

Nimezunguka wilaya na gunia. Nimeanzia kwa Cucu Mumbi, nyanya wa mtaa mzima, kwa sababu chai yake ni nzito na kwa sababu mimi ni mwoga, napenda kuanza kwa mtu anayenipenda. Ana miaka themanini na kitu. Msalaba wake uko juu ya redio.

"Hii sikupei," akasema.

Nikamweleza habari ya majivu.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Hii ni mkono ya Nyambura. Chukua kuku."

Nikamwambia hatuwezi kuchoma kuku Jumatano ya Majivu. Akasema basi ni dini gani hiyo.

Nyumba ya pili, hawaukumbuki ulipo, na ninauona hapo mlangoni. Ya tatu, mama kasema mumewe ndiye anajua. Mumewe kasema mkewe. Mama Kezia, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa rafiki wa Nyambura tangu ujana. Aliutoa bila neno, akaingia jikoni na hakutoka tena kuniaga.

Nyumba kumi na mbili, misalaba mitatu. Gunia linanichekesha. Ingetosha bahasha.

Jumapili, 8 Februari

Nimeripoti mitatu. Gitau ananiita mkusanyaji mkuu. Amependekeza nipewe pikipiki.

Mchungaji alinishika mkono mlangoni. "Na wako, Mzee?"

Nikasema bado nautafuta.

Uko jikoni, kwenye msumari, juu ya swichi ya taa. Siwezi kuwasha taa bila kuuona.

Jumatano, 11 Februari

Niandike ukweli, angalau hapa.

Msalaba wetu ulikuwa wa mwisho kusukwa. Jumamosi ya kabla ya Matawi, akina mama walikuja na rundo la majani, wakakaa barazani kwetu. Dawa zilikuwa zimeanza kumtia Nyambura ganzi vidoleni. Alisuka ya watu wote kwanza. Alipofika wetu, vidole vilikuwa vimegoma. Mkono mmoja wa msalaba ukatoka mfupi. Akashindwa kuufunga uzi, ule wa buluu uliobaki alipofuma sweta yangu. Akaninyooshea. "Funga wewe, Baba Wambui. Na usifunge kama kamba ya ng'ombe."

Nikafunga kama kamba ya ng'ombe. Alicheka sana.

Siutoi. Basi. Wachome wapendavyo.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefanya jambo baya.

Cucu Mumbi aliniita asubuhi. Kumbe watu wa wilaya wamekutana wote, wamezungumza, mimi mzee wao ndiye wa mwisho kujua. Kakaa kitini kama jaji.

"Wewe umetoa yako?"

Nikauangalia msalaba wake juu ya redio.

"Tumesema hivi. Baba Wambui akitoa yake, na sisi tunatoa. Kama yeye ameweza, sisi ni nani? Kama hajaweza, basi hata sisi hatuwezi. Umetoa?"

Nikasema, "Nimeshatoa, Cucu."

Neno lilitoka lenyewe, laini, kama lile nililomwambia askari wa geti. Cucu akainuka kwa shida, akashusha msalaba wake kutoka juu ya redio, akaupuliza vumbi, akaubusu. Akaniwekea guniani kwa mikono miwili.

Habari ilinitangulia nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja alilia. Mwingine aliniambia, "Mungu akutie nguvu, mzee, wewe ni mfano." Kufikia saa tisa nilikuwa na misalaba kumi na mmoja. Ya watu wote isipokuwa wa mfano wenyewe.

Mzee wa kanisa. Nimemdanganya bibi wa miaka themanini ili nipate majani makavu.

Jumapili, 15 Februari

Mchungaji ametangaza kwamba wilaya yetu imeleta misalaba. Watu wakapiga makofi. Cucu Mumbi alikuwa safu ya pili, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akigeuka huku na huku awaone wanaonitazama.

Gunia limewekwa stoo ya jikoni kanisani. Nimesoma matangazo bila kosa hata moja. Gitau akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeamua. Kesho naupeleka, nautumbukiza guniani kabla hawajachoma, hakuna atakayejua. Uongo utakuwa umekuwa kweli, umechelewa siku tatu tu.

Nimempigia Wambui, binti yetu, anakaa Kileleshwa. Nikamweleza yote. Akasema: "Piga picha kwanza, Baba."

Nimepiga picha sita. Nne ni za kidole changu.

Nikaushusha. Nikaurudisha. Nikaushusha. Ukutani umeacha alama yake, nyeupe, mkono mmoja mfupi.

Jumanne, 17 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianze na mvua.

Imenyesha saa tisa, mvua ya Februari isiyo na adabu. Nilitoka kazini mapema, msalaba nimeufunga kwa leso ndani ya kopo la chakula. Nikafika kanisani saa kumi na nusu. Chini ya hema akina mama wamewasha majiko matano, chapati zinarushwa, watu wamejaa. Harufu tamu. Nikaenda stoo moja kwa moja. Gunia hakuna.

Nikamuuliza Mama Kezia.

"Gunia gani? Lile la makapi?" Unga hadi kwenye nyusi. "Makaa yamelowa yote, Baba Wambui. Yalikataa kushika kabisa. Nikamtuma mtu stoo aangalie kama kuna kitu kikavu, akaniletea kile kigunia. Nimeangusha yote kwenye majiko hata sikutazama. Yameshika vizuri! Kwani yalikuwa..."

Akaishia hapo. Mwiko ukamponyoka.

Kila mtu alielewa kwa wakati mmoja. Misalaba yote. Wake pia ulikuwemo. Akafunika uso kwa mikono yenye unga na kulia kama siku ya mazishi. Gitau, kwa nia njema, akasema, "Jamani, si mlitaka majivu? Hayo hapo!" Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba hayo ni ya makaa na mafuta ya chapati. Akasema si neno, kesho asubuhi atakwenda kwa jirani. Gitau akanung'unika: mkebe wa siagi.

Nami nimesimama na kopo langu. Sasa msalaba uliobaki wilaya nzima ni mmoja. Ningeweza kwenda nyumbani. Ningeurudisha kwenye msumari wake, na hakuna ambaye angejua chochote. Niliwaza hivyo. Niliwaza kwa muda usiopungua chapati mbili.

Cucu Mumbi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama ule moto, mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepokonywa.

Nikafungua kopo. Nikafungua leso.

Aliutambua kabla sijasema. Kila mtu aliutambua. Mkono mfupi, fundo baya.

"Ulisema umetoa," akasema.

"Nilidanganya, Cucu."

Chapati ikaungua mahali.

"Tulitoa kwa sababu yako."

"Najua."

Akageuza uso. Afadhali angenitukana. Mama Kezia ndiye aliyenitukana, kidogo, na nilimshukuru.

Mchungaji akaniuliza taratibu, "Ulitaka kuufanyia nini, Mzee?" Nikasema ni wa majivu. Akasema, "Mmoja unatosha kwa watu wengi. Lakini si lazima." Hakunisaidia zaidi ya hapo. Nilitamani anilazimishe.

Walileta kikaango kipya ambacho hakijagusa mafuta. Nikauweka ndani mwenyewe. Kiberiti kimenishinda mara tatu, Gitau akaniwashia bila mzaha hata mmoja. Majani yalishika mara moja. Sekunde chache tu, zikaisha kabla sijajiandaa kutazama. Ule uzi wa buluu haukuungua vizuri, uliyeyuka ukajikunja. Limebaki fundo langu, jeusi, gumu kama punje ya mahindi. Nimelitia mfukoni.

Majivu hayakujaza kijiko cha chai.

Sikula chapati. Mama Kezia amenifungia nne kwenye gazeti, akanipa bila kunitazama usoni.

Jumatano, 18 Februari

Ibada ya jioni saa kumi na moja na nusu. Watu kama sabini, wengi wametoka kazini moja kwa moja. Habari ilishasambaa. Hakuna aliyenisema. Hilo ni baya zaidi.

Mchungaji aliyachanganya majivu na tone la mafuta kwenye kifuniko cha chupa. Akagusa kidogo, kidogo sana, mtu kwa mtu. "Kumbuka kwamba u mavumbi," anamwambia kila mmoja. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiongoza safu, nikawaona wakirudi vitini mmoja mmoja. Mama Kezia. Gitau, aliyesema hatapakwa ng'o. Vijana wa kwaya. Watu wa wilaya yangu, nyumba zote kumi na moja zilizotoa misalaba. Kila mmoja na Nyambura kwenye paji la uso.

Sikulitegemea hilo. Nilidhani nitamwona akiisha. Nilimwona akienda vitini, akikaa, akitafuta kitabu cha nyimbo.

Wazee hupokea mwisho, na mimi mwisho wa wazee. Mchungaji akapitisha kidole kwenye kifuniko. Kikatoka safi. Akapitisha tena. Hakuna. Akanitazama, akanichora msalaba kwa kidole kikavu. Nikasema amina. Nikaona ni haki. Aliyedanganya akose.

Niligeuka nikamkuta Cucu Mumbi amesimama nyuma yangu na bakora yake. Sijui alitokaje safu ya pili bila kusikika. Akanishika bega niiname. Akapitisha kidole gumba kwenye paji lake mwenyewe, akafuta, akanipaka langu. Kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Jumamosi uje chai," akasema. "Na usiniongopee tena. Sina muda."

Nililia mbele ya kanisa zima. Mzee wa matangazo. Na sikuwa na leso, ilibaki kwenye kopo.

Alhamisi, 19 Februari

Kazini. Mafaili.

Saa saba miguu ikageuka, nikaiacha. Nilikuwa na chapati mbili zilizobaki, zimekauka kingo. Askari yuko pale pale.

"Mgonjwa anaendeleaje, mzee?"

"Alifariki, ndugu yangu. Septemba."

Akavua kofia. Akanisogezea kiti chake, yeye akakaa kwenye ukingo wa ukuta. Nikampa chapati moja. Tukala. Magari yakaingia, yakatoka. Alipoinuka kufungua geti nilimshikia chapati yake.

Nimefika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Alama ya ukutani iko vilevile. Nimelifunga lile fundo jeusi kwa uzi mpya, nimelitundika kwenye msumari. Nimefunga vibaya.