Kabla Hujamchukua Mama Yako

Baba Keza,

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Jumamosi jioni utatupitia hapa Niboye, twende sote tukale kwenye ule mgahawa wa siku ile, kisha mama yako aondoke nawe moja kwa moja hadi Kanombe, kwenye nyumba yako mpya. Umesema pia nimfungie mizigo mapema. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu huwa unaniambia "nitakupigia baadaye", na baadaye yako naijua.

Sina ugomvi. Tuliachana miaka minne iliyopita na hasira niliyokuwa nayo imekwisha, hata sikumbuki iliisha lini. Lakini umeutaja ule mgahawa kana kwamba tulifurahi pale, na hapo nimeshangaa. Labda umesahau. Ngoja nikukumbushe.

Mgahawa ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo hiyo na kazini kwenu kila mtu alikuwa anauzungumzia: chakula cha Kizungu, vioo kutoka sakafuni hadi darini, visu vizito, leso za kitambaa. Ulikuwa umepandishwa cheo ukataka tusherehekee. Ulipiga simu siku mbili kabla ukaomba meza ya dirishani, ile ambayo watu wote wanaitaka. Mama yako alivaa mushanana wake, lile vazi la kufunga begani, la kwendea harusi. Keza alikuwa na miaka mitano, ana soksi nyeupe ambazo alishazichafua kabla hatujatoka getini. Tulikuwa tumependeza, hilo sikatai.

Tukakaa. Ndani taa zilikuwa zinawaka na nje giza limeanza kuingia, kwa hiyo kila aliyepita barabarani alituona vizuri kuliko sisi tulivyomwona. Motari wawili walikuwa wameegesha pikipiki zao pale nje wakingoja abiria, wanatutazama tu, kama watu wanavyotazama televisheni ya dukani. Mama yako aliwaona kabla yetu. Akajifunika vizuri begani, akaficha mikono chini ya meza.

Yule msichana aliyetuhudumia alipomuuliza atakula nini, mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura: "Miye niko sawa, mwanangu. Nilikula nyumbani."

Hakuwa amekula. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku hiyo, najua. Wewe ukamwagizia nyama ya ng'ombe bila kumuuliza, na msichana alipotaka kujua iive kiasi gani ukamjibu nusu, kwa sababu ndivyo ulivyowasikia wakubwa wako wakijibu.

Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, na huko nilikula mahindi ya kuchoma njiani tangu nina meno. Mwezi wa kwanza baada ya harusi yetu nilikuwa natoka stendi na hindi langu mkononi, natafuna, nasalimia majirani. Mama yako alinikuta hapo kwenye kona. Hakunigombeza. Alinishika mkono polepole, akaniingiza ndani, akafunga mlango, akavuta pazia, ndipo akasema, "Haya. Sasa kula." Nilicheka nikidhani ni mzaha. Akanieleza kwamba kwao mtu mzima hali mbele ya macho ya watu, kwamba kinywa cha mtu kikiwa kinatafuna ni jambo la ndani ya nyumba, na kwamba yeye alikaa uhamishoni Burundi zaidi ya nusu ya maisha yake, akauza vitenge sokoni kutwa nzima, asile hata kipande cha mkate hadi afike kwake. Najua haya yote unayajua. Nayaandika kwa sababu siku ile ulifanya kama huyajui.

Nyama ikaja. Mama aliiangalia, akauona ule wekundu, akanigeukia mimi. Wewe ukamkatia kipande.

"Kula, mama. Watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana. Nikule mbele ya hawa wote wanapita? Oya, hapana."

"Mama, zamani imeisha. Hapa ni restora. Kila mtu iko anakula."

"Kula weye. Miye nitakuangalia."

Ukaweka uma chini kwa kishindo hadi watu wa meza ya jirani wakageuka. Ukasema kwa sauti, mbele ya yule msichana, "Uko unaniaibisha." Kisha ukarudia kwa Kinyarwanda, nadhani ili mama aelewe zaidi. Alikuwa ameelewa mara ya kwanza.

Nimeulizwa mara nyingi ndoa yetu ilivunjikia wapi, na watu hutaka nitaje mwanamke, au safari zako za Nairobi. Huwa nawakubalia ili tumalize mazungumzo. Ukweli ni kwamba usiku wa siku hiyo nilikuangalia nikaona mtu ambaye, siku moja nikizeeka na kuwa na vitu vyangu visivyoendana na kioo, atanipigia kelele mbele ya wageni. Nilijua hivyo huku nikiendelea kutafuna. Maana mimi nilikula, Baba Keza. Nilikula kuku wangu wote na viazi vyake, na sikusema neno la kumtetea. Tungeweza kuomba meza ya nyuma, pale karibu na mlango wa jikoni, zilikuwepo mbili tupu na niliziona. Niliona aibu kuomba. Kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Tulipofika nyumbani mama aliifungua jikoni ile nyama tuliyofungiwa mgahawani, akaikatakata, akaichemsha upya na chumvi na kitunguu, akala mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka akaniambia, "Nyama yao ni nzuri. Ila hawana kuni." Ndiyo siku pekee katika hadithi hii nzima niliyocheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulikuwa umeshalala.

Ulipoondoka, ndugu zako walidhani mama ataenda kwa binamu yako, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Hakuna aliyekuja kumchukua na yeye hakusema anakwenda. Tukaendelea kuishi. Majirani walishangaa, mama mkwe na mkazamwana bila mwanaume katikati, na mimi mwenyewe kwa muda nilimwona kama sanduku lako ulilolisahau. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpikia, nikampelekea sahani chumbani kwake, nikairudia ikiwa tupu. Miaka miwili hatukuwahi kula pamoja hata siku moja.

Kisha mchana mmoja wa mvua alitoka chumbani na sahani yake mkononi. Akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaanza kula maharage yake. Akanitazama usoni huku anatafuna. Mimi nilisogeza sufuria tu ili apate nafasi ya miguu, nikamwuliza kama chumvi imetosha. Akasema imetosha. Kama ungeingia wakati huo usingeona chochote cha ajabu, wanawake wawili wanakula. Lakini mimi nilijua nimepewa nini. Tangu siku hiyo tunakula sote jikoni, yeye, mimi na Keza, pazia limevutwa.

Sasa umetuma ujumbe. Nilimsomea jana wakati anachambua mchele.

"Ameniuliza miye?" akasema.

"Hapana, mama. Ameniandikia mimi."

"Na wewe umemujibu nini?"

"Bado."

Akaendelea kuchambua. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa jibu lake, nisikufiche. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuambia kwamba mama amekataa, kwamba anabaki hapa, na nilikuwa nimeyapanga kwa ustaarabu ili usione jinsi ninavyofurahi. Akapembua, akapuliza makapi, akasema, "Nitaenda. Ni mtoto wangu. Sikuzaa mwingine." Baada ya muda akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana. Nikatoka nje kuanua nguo, ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kwa hiyo mizigo nitaifunga. Si mingi. Dawa zake za presha ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, moja asubuhi baada ya chai, si kabla. Goti la kulia linamsumbua, asipande ngazi zako ovyo. Misa ya kwanza haikosi, tafuta mtu wa kumpeleka. Akikuambia ameshiba, usimwamini. Angalia kama mikono ameificha.

Mgahawani hatutakwenda. Njoo nyumbani, nitapika. Utakula sebuleni kama mgeni, na yeye atakula nasi jikoni kama kawaida, na tafadhali usijiunge nasi kabla hajakuita mwenyewe.

Picha za nyumba nimeziona, Keza alinionyesha. Ni nzuri. Lakini jiko na sebule ni chumba kimoja, na upande wa barabara wote ni kioo. Weka pazia kabla ya Jumamosi. Si lazima liwe la gharama, ila liwe zito. Mweleze na huyo mwenzako unayeishi naye sasa, sina neno naye, kwamba mama atakula chumbani kwanza, labda mwezi, labda mwaka. Wageni wako wa kazini wakija, usimlete mezani kumwonyesha. Na akiona nyama nyekundu ataichemsha upya, mwache aichemshe.

Wewe ulipoondoka nilizoea kutokuwepo kwako kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Keza alilia wiki moja, mimi chini ya hapo. Nakuambia si kwa kukuumiza, ni ili uelewe nina maana gani nikikuambia kwamba kwa huyu sijui nitafanyaje. Sina karatasi inayosema yeye ni nani kwangu. Kanisani, serikalini, popote nikiulizwa, ni mama wa mtu niliyeachana naye. Siwezi kumdai.

Ila nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu tuachane. Ukishindwa, usimpeleke kwa binamu yako wala kwa ndugu yeyote. Usisubiri hadi umkaripie tena mbele za watu. Nipigie saa yoyote, nitakuja mwenyewe kumchukua, na sitakuuliza kumetokea nini.

Mimi,
Mama Keza